Kujiamini kwa mtoto wa awali hakuanzi na makofi

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857, wakitoka pwani kuelekea Ziwa Tanganyika. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton aliandika kwamba Unyamwezi watoto wa kiume wa miaka sita au saba walitembea na kipande kidogo cha pembe ya ndovu begani. Walikuwa wakijizoeza upagazi. Baba na kaka zao ndio waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na kijana ambaye hajawahi kufika pwani alihesabiwa bado hajawa mtu mzima.

Njia ile ina kumbukumbu chungu. Ilipitisha pembe, ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na hakuna sababu ya kuipamba. Ninaanza nayo kwa ajili ya kile kipembe kidogo tu. Kilikuwa mzigo wa kweli, si mdoli wa mzigo, na kilikuwa cha kimo cha mtoto. Aliyekibeba aliona kwamba anaweza, na waliomzunguka waliona pia. Mwalimu wa awali anayetaka kujua namna mtoto wa miaka mitano anavyojenga heshima yake mwenyewe ana pa kuanzia hapo.

Leo mtoto wa umri huo katika Uyui, Urambo, Sikonge au Kaliua habebi tena kipembe begani akijizoeza msafara. Anapelekwa darasa la awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka wa awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na tangu Januari 2016 serikali ilipoondoa ada katika elimumsingi, wazazi waliitikia kwa wingi kuliko madarasa yalivyoweza kupokea. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule nyingi za umma mwalimu huyo mmoja anawakuta watoto wanaozidi mia, wamekaa sakafuni au kwenye mkeka, wengine wakiwa wametembea kilomita kadhaa kabla jua halijapanda.

Jioni mzazi anamuuliza mtoto swali lile lile: umejifunza nini? Mtoto anaimba irabu, mzazi anaridhika. Lakini siku nzima mtoto huyo amekuwa akijifunza somo jingine ambalo halimo kwenye ubao: je, mimi ni mtu wa kusikilizwa? Nikikosea nitafanywa nini? Wenzangu wananitaka? Majibu anayoyapata ndiyo anayoondoka nayo kwenda darasa la kwanza.

Kwa muda mrefu wanasaikolojia waliamini kwamba mtoto mdogo kiasi hicho hana picha kamili ya thamani yake. Susan Harter, mtafiti wa Marekani aliyeshughulika na jambo hili maisha yake yote ya kazi, alionyesha kwamba ukimuuliza mtoto wa miaka mitano, "Unajionaje kwa ujumla?" hakuelewi. Anachoweza kukuambia ni mambo mahususi: naruka juu, najua kuhesabu, mama ananipenda, nina rafiki. Mwaka 1984 Harter na mwenzake Robin Pike walitoa kipimo cha picha kwa watoto wadogo. Mtoto anaonyeshwa picha mbili za watoto, mmoja anaweza jambo fulani na mwingine hawezi, kisha anasema yeye anafanana na yupi. Vipengele vyao vilikuwa vinne: uwezo wa kujifunza, uwezo wa mwili, kukubalika kwa wenzake na kukubalika kwa mama.

Mwaka 2016 Dario Cvencek, Anthony Greenwald na Andrew Meltzoff wa Chuo Kikuu cha Washington walipiga hatua nyingine. Waliwapima watoto 234 wa miaka mitano bila kuwauliza swali lolote kuhusu thamani yao. Kwa kuwa watoto hawakujua kusoma, kila mmoja alionyeshwa vibendera fulani akaambiwa "hivi ni vyako", na vingine "si vyako". Kisha alibonyeza vitufe huku akisikia maneno mazuri na mabaya. Mtoto anayejithamini hubonyeza haraka zaidi pale "changu" na "kizuri" vinapotumia kitufe kimoja. Watafiti wakakuta kwamba watoto wengi walikuwa tayari na hisia njema na imara juu ya nafsi zao, kwa kiwango kinachokaribiana na cha watu wazima.

Maana yake kwa mwalimu wa Tabora ni nzito. Mtoto haji darasani akiwa mtupu, akingoja kujazwa kujiamini. Anakuja nako. Kazi ya kwanza ya darasa la awali ni kutokukuvunja.

Na kujiamini huko huvunjika kirahisi, kwa sababu akili ya umri huu hupima mambo kwa jumla jumla. Mtu mzima akiharibu hesabu anasema leo nimeteleza. Mtoto wa miaka minne au mitano bado hajajifunza kutenganisha kosa na mkosaji. Akiambiwa "we mzito", hana mahali pa kuliweka neno hilo isipokuwa juu ya nafsi yake yote. Anaweza kuamini kwamba yeye ni mzito wa kuandika, mzito wa kucheza, na pengine hata hapendwi. Majina ya mzaha tunayoyatoa ovyo shuleni, kilaza, bubu, mzigo, yanafanya kazi hiyo ndani ya sekunde moja, na wenzake huyadaka na kuyapeleka hadi uwanjani.

Basi tumsifu? Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa nia njema kabisa. Darasa la Kitanzania lina utamaduni mzuri wa kupongezana. Mtoto akijibu vizuri, mwalimu anaomba makofi, na mia nzima wanapiga kwa mpigo mmoja. Inachangamsha, na sitamani iondoke. Ila sifa zina namna, na namna hiyo imechunguzwa.

Mwaka 2007 Andrei Cimpian na wenzake, akiwemo Carol Dweck, walicheza na watoto wa miaka minne kwa kutumia vikaragosi. Mtoto alijifanya amechora picha, kikaragosi cha mwalimu kikamsifu. Kundi moja liliambiwa kwamba wao ni wachoraji wazuri. Kundi la pili liliambiwa kwamba wameifanya vizuri kazi ya kuchora. Tofauti ya maneno ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu mzima angeweza asiisikie. Kisha ikaja picha yenye kosa: paka asiye na masikio, basi lisilo na magurudumu. Watoto waliokuwa wameitwa wachoraji wazuri walinyong'onyea zaidi na kukwepa kuchora tena. Waliosifiwa kwa kazi walikuwa tayari zaidi kuendelea na kutengeneza.

Sababu inaeleweka. Ukimwambia mtoto "wewe ni hodari", umempa cheo, na cheo huweza kunyang'anywa. Kosa la kwanza linakuwa ushahidi kwamba hakuwa hodari. Ukimwambia "umeishika penseli vizuri leo, na umerudia mpaka duara limefunga", umempa njia. Kesho akikosea, njia bado ipo.

Sifa za kupita kiasi nazo zina hasara ambayo wengi hawaitarajii. Eddie Brummelman na wenzake nchini Uholanzi walichapisha mwaka 2014 utafiti wa watoto 240 wa miaka minane hadi kumi na miwili. Watoto walichora, na baadhi yao wakapelekewa ujumbe wa sifa kubwa mno kutoka kwa mtu waliyeambiwa ni mchoraji wa kazi. Baadaye walipewa nafasi ya kuchagua michoro rahisi au migumu. Watoto wenye kujithamini kidogo waliopata sifa kubwa mno ndio waliokimbilia michoro rahisi. Wale hasa tunaowahurumia na kuwamwagia sifa nyingi ndio waliotishwa nazo, kwa kuwa waliona wamewekewa kiwango wasichoweza kukifikia tena. Hao walikuwa wakubwa kuliko watoto wa awali, lakini mwalimu yeyote mzoefu amewahi kumwona yule mtoto mwoga ambaye akisifiwa kwa kishindo hujificha nyuma ya mwenzake.

Kwa hiyo ninarudia kusema kwamba kinachojenga ni kazi halisi ya kimo chake, pamoja na jicho la mtu mzima linaloiona. Mwalimu mwenye watoto 110 hawezi kukaa na kila mmoja, lakini anaweza kugawa majukumu. Mmoja anahesabu vikombe vya uji. Mwingine anakusanya vizibo vya soda na magunzi ya mahindi baada ya somo la kuhesabu. Wawili wanakunja mkeka. Mmoja anawaongoza wenzake kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi. Majukumu yabadilike kila wiki, na yasiishie kwa wale watano wachangamfu wanaojulikana tayari. Orodha ndogo kwenye daftari la mwalimu inatosha kuonyesha nani hajawahi kupewa kazi yoyote tangu muhula uanze. Mara nyingi majina hayo ni ya watoto wale wale: aliyechelewa kuandikishwa, asiye na sare, yule mwenye makamasi.

Jina lenyewe ni jambo la afya ya nafsi. Watoto wa Unyamwezi na Usukumani huja shuleni na majina yenye habari ndani yake. Pacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, na aliyezaliwa wakati wa mvua ni Mabula au Kabula. Ni mali ya kwanza ya mtoto. Akiitwa "we wa shati jekundu" mwezi mzima, anajifunza kwamba hapa hajulikani. Darasa likiwa kubwa, mwalimu anaweza kuyajua majina ya kundi moja kwa wiki: akaanza na safu ya dirishani, akamsalimu kila mmoja kwa jina mlangoni asubuhi, wiki inayofuata akahamia safu ya pili. Kufikia katikati ya muhula watoto wote wameitwa.

Lugha ndiyo sehemu inayohitaji moyo zaidi katika mkoa huu. Watoto wengi wa vijijini husikia Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani na Kiswahili redioni au sokoni. Ulyankulu, ambako wakimbizi kutoka Burundi walipewa makazi baada ya mwaka 1972, na kuelekea Kigoma, utakuta na Kirundi na Kiha. Mtoto aliyekuwa msimulizi wa ajabu kwa bibi yake anageuka bubu siku ya kwanza darasani. Hajapungukiwa akili. Amepungukiwa maneno ya Kiswahili, na mwalimu asiyelijua hilo humwandika kuwa mzito.

Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014 na kuihusisha mikoa kadhaa ikiwemo Tabora na Kigoma, uliligusa tatizo hili kwa kozi fupi ya utayari wa kuanza shule. Iliwalenga watoto waliokosa nafasi ya awali, hasa katika vijiji vilivyo mbali na shule. Vijana wa kijiji hicho hicho walipewa mafunzo wakawa walimu wasaidizi, na masomo yakasukwa kuzunguka hadithi, michezo na nyimbo. Ninaloliona la maana zaidi ni kwamba aliyesimama mbele ya mtoto alikuwa mtu anayeijua lugha ya nyumbani kwake. Anaweza kumpokea kwa salamu ya "mwangaluka", akasikiliza alichonacho, kisha akamvusha taratibu hadi kwenye Kiswahili. Mtoto hakulazimika kuacha nafsi yake mlangoni.

Tabora ina ushahidi mwingine wa jambo hili, wa zamani zaidi. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua hapa shule ya viziwi, ya kwanza nchini Tanzania. Katika miaka hiyo, sehemu nyingi za dunia zilikuwa bado zinafuata msimamo uliopitishwa na walimu wa viziwi waliokutana Milan mwaka 1880, kwamba mtoto kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, na mikono itulie. Vizazi vya watoto vilijifunza kwamba njia yao ya asili ya kusema ni aibu. Ilichukua muda mrefu hadi elimu duniani ikubali kwamba lugha ya alama ni lugha kamili, na kwamba mtoto anayeipata mapema hukua vizuri zaidi kiakili na kihisia. Mtoto anayesikia naye yuko vivyo hivyo: ukimnyima lugha aliyonayo kabla hujampa nyingine, unamwacha bila pa kusimama.

Pwani nako kuna somo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Mombasa, wazazi Waislamu walitaka watoto wao waanze shule bila kuacha dini yao. Mwalimu Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, akawa miongoni mwa waasisi wa shule za awali za madrasa, ambazo baadaye zilifika Zanzibar na Uganda. Ndani yake mtoto alikutana na Kurani na maadili ya kwao, na pia kona za kuchezea, vifaa vilivyotengenezwa na akina mama kwa vifuu na mbegu, na nafasi ya kuchagua mwenyewe shughuli ya kuanza nayo. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa Afrika Mashariki, na watoto waliopitia madrasa hizo walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko waliokaa nyumbani. Kwa mji kama Tabora, wenye vyuo vya Kurani tangu enzi za misafara, mfano huo uko karibu zaidi kuliko ule wa darasa la Ulaya lenye vidoli vya plastiki.

Kuchagua, hata mara moja kwa siku, kunamjenga mtoto kuliko tunavyodhani. Mtaala wetu wa awali unataka kona za ujifunzaji darasani. Zikitumika kama pambo la kumwonyesha mkaguzi, hazina faida. Zikitumika ili mtoto aseme "leo nataka kujenga" au "leo nataka kuchora", anajifunza kwamba mawazo yake yanaweza kuanzisha jambo. Erik Erikson aliandika mwaka 1950 kwamba hii ndiyo kazi kuu ya umri wa miaka mitatu hadi sita: mtoto ama anajenga moyo wa kuthubutu, ama anabaki na hisia ya hatia kwa kila alitakalo. Mdako, rede na kombolela vina nafasi hapa. Katika michezo hiyo mtoto hujaribu, hushindwa, hucheka na kurudia, na hakuna anayemwandikia alama.

Halafu kuna fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko zinampa mwalimu mkuu mamlaka ya adhabu hiyo, au mwalimu aliyemteua yeye, na viboko havizidi vinne. Kinachotokea katika madarasa mengi kinajulikana na kila aliyesoma Tanzania. Kwa mtoto wa awali sioni hoja yoyote ya kuitetea fimbo. Victoria Talwar, Stephanie Carlson na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 utafiti wa shule mbili katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Moja iliwachapa watoto kwa makosa madogo kama kusahau penseli, na nyingine ilitumia maonyo na kumtenga mtoto kwa muda mfupi. Darasa la awali tofauti haikuonekana sana. Kufikia darasa la kwanza, watoto wa shule ya fimbo walikuwa nyuma katika uwezo wa kujizuia, kukumbuka maelekezo na kubadili mbinu pale ya kwanza inaposhindikana. Fimbo inaleta utii wa haraka. Inachelewesha uwezo wa mtoto kujiongoza mwenyewe, ambao ndio utii wa kudumu. Na mtoto ambaye akili yake yote iko kwenye mkono wa mwalimu hana nafasi ya kujaribu jibu asilo na hakika nalo.

Mkono wa kushoto nao usiguswe. Kumhamisha mtoto kwa nguvu aandikie wa kulia hakumpi faida yoyote, na kunamwambia kila siku kwamba mwili wake umekosewa.

Nyumbani, mzazi wa Urambo anayetoka kwenye mabani ya tumbaku usiku hana muda wa kozi ya malezi. Anaweza kufanya machache yenye nguvu. Amkabidhi mtoto kazi ndogo ya kweli, kama kuanua michembe au kuhesabu mayai, na asiirudie mbele yake akionyesha kwamba aliifanya vibaya. Asimlinganishe na mtoto wa jirani. Amuulize "leo ulijaribu nini?" badala ya "umekuwa wa ngapi?" Na ampe kitu tumboni kabla ya safari ya shule, hata matobolwa ya jana. Mtoto mwenye njaa hunyamaza na kusinzia, mwalimu humwona mvivu, naye huanza kujiona hivyo. Pale kamati ya shule na wazazi walipokubaliana kuchangia mahindi ya uji, mwalimu anapata darasa lililo macho.

Tangu Desemba 2021 Tanzania ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowaunganisha watu wa afya, lishe, elimu, ulinzi na ustawi kwa ajili ya watoto hadi miaka minane. Faida yake kwa mwalimu ni kwamba hapaswi kubeba peke yake mtoto anayemtia wasiwasi. Woga na kujitenga kwa mtoto mgeni darasani kwa kawaida hupungua baada ya wiki za mwanzo. Mtoto akiendelea kujitenga mwezi wa pili au wa tatu, asicheze, ajikojolee ilhali alikwisha acha, ashtuke kila mtu mzima anapoinua mkono, au ajiite mbaya mara kwa mara, tusiseme ni tabia yake. Kwanza apimwe masikio na macho kituo cha afya, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi, na asiyeona ubao huonekana mjinga. Dalili zikielekea kwenye ukatili, mwalimu amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au apige 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo, na aeleze alichokiona bila kusubiri awe na uhakika wote.